Eti "ngoja nimalize supu" na gari la zimamoto linalia nyuma yake!!!

Wakuu naandika hata sijaoga, mikono inanuka moshi. Yule jamaa wa Prado nyeusi pale kona, mnamjua, anayepaki kama barabara kaachiwa urithi na babu yake. Asubuhi mtungi wa gesi umeshika moto jikoni kwa mama mdogo, nikapiga 114, zimamoto wakaja, kufika kona HAWAPITI. Prado imeziba uchochoro wote. Nikamkimbilia kwenye banda la supu, kaka naomba usogeze gari nyumba inaungua, akaniangalia kuanzia malapa mpaka kichwani, akakamua ndimu, akasema "ngoja nimalize supu".

SUPU! King'ora kinalia mpaka kuku wa mtaa wa tatu wamehama yeye anakamua ndimu! Nikarudia kwa adabu zote, eti "we mpangaji unaniamrisha mimi mtaani kwangu?" halafu akaagiza chapati ya pili. Askari ikabidi waburute mpira wa maji kwa miguu, kufika jiko halipo, bati hazipo, kabati la vyombo alilolidunduliza miaka limebaki bawaba, mama mdogo kakaa chini kashika sufuria moja halina mfuniko. Na mtu mzima anakamua ndimu jamani. Kuna Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya 2007, kumzuia askari wa zimamoto kazini ni kosa, sio la kuyamaliza kwa mjumbe. Akaieleze mahakama ile ndimu!

Bint Uswazi: Pole sana kwa mama mdogo. Huyo huyo alimzibia mjamzito njia mwaka jana, bajaji ikarudi kinyumenyume mpaka lami.

Mzee wa Kiporo: Uzi bila picha. Halafu wewe muda wa kusimama kumhesabia chapati uliupata wapi, si ungebeba ndoo?

Mleta uzi: Ndoo nimebeba mkuu mpaka bega limeshuka! NDIMU nimeiona kwa macho yangu!

Fundi Bomba: Zimamoto wa kwetu walifika mapema tu, watu wakajazana na simu wanarekodi, mmoja kasimama juu ya mpira wa maji ili apate video nzuri. Juu ya mpira!

Dogo Mbagala: Watu hawasikii. Msamvu, Morogoro, Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka wakakimbilia na vidumu, zaidi ya 100 wakafa, na leo likianguka jingine utawaona na vidumu vile vile.

Bint Uswazi: Mimi wanaoniudhi ni bodaboda wanaounga mkia wa ambulansi kukwepa foleni.

Boda Mstaarabu: Tunaunga sisi tu? Mbona madaladala husemi?

Bint Uswazi: Daladala haijawahi kunivunjia saitimira ikakimbia. Wewe ni wa kijiwe gani?

Mzee wa Kiporo: Hiyo supu ni ya mbuzi au makongoro? Anafungua saa ngapi?