Vikosi vipya vya Karthago: tumeuziwa Wagiriki waliopakwa rangi

Wakuu, salaam.

Naandika uzi huu nikiwa na hasira, na nimeuchelewesha siku tatu kwa makusudi ili nisije nikatumia maneno ambayo wasimamizi watalazimika kuyafuta. Kifurushi cha nyongeza cha Karthago, ule mji wa kale wa Afrika ya Kaskazini uliopigana na Roma, ambacho tumekisubiri katika mchezo wetu huu wa mikakati ya vita tangu mwaka jana, nilikinunua kwa bei kamili siku ya kwanza, nikakesha nikikipakua kwa bando la usiku hadi saa tisa, na kabla ya adhana ya alfajiri nilikuwa nimekwisha kugundua kwamba nilichouziwa ni vikosi vile vile vya Wagiriki vilivyokuwamo tangu mwanzo, vikiwa vimebadilishiwa rangi na majina.

Asiyeamini afungue kikosi cha askari wa miguu wa Libya, avute picha karibu mpaka amwone askari mmoja mmoja, kisha afanye vivyo hivyo kwa askari wa Sirakusa, mji wa Wagiriki huko Sicilia. Chapeo ni ile ile, dirii ni ile ile, na hata mkwaruzo ulio kwenye ukingo wa kushoto wa ngao uko pale pale. Kilichoongezwa ni alama ya Tanit, mungu wa kike wa Karthago, ile pembetatu yenye duara juu yake, na kwa safu ya nyuma wameibandika kichwa chini.

Kampeni inaanza mwaka 218 KK, Hannibal, jemadari wa Karthago, akiwa Hispania anajiandaa kuvuka milima ya Alpi. Sasa nieleze kilichoniudhi zaidi. Walibya hao, ambao ndio waliokuwa uti wa mgongo wa jeshi lake, wamepewa mikuki mirefu ya kushikwa kwa mikono miwili, kama ile ya Makedonia. Chanzo cha kosa hili kinajulikana: Polybius, mwanahistoria wa Kigiriki wa kale, anawataja askari ambao kwa Kigiriki anawaita lonkhoforoi, yaani wachukua mikuki, na baadhi ya wafasiri wakageuza neno hilo kuwa askari wa mikuki mirefu. Lakini ukimsoma Polybius mwenyewe unaona kwamba watu hao anawapanga pamoja na warusha kombeo wa visiwa vya Baleari, katika askari wepesi wanaotangulia mbele ya jeshi. Mtu hamtangulizi mbele askari aliyebeba mti wa mita tano. Na Polybius huyo huyo anaeleza kwamba baada ya ushindi wa Ziwa Trasimene, mwaka 217 KK, Hannibal aliwavisha Walibya wake silaha zilizotekwa kwa Warumi, kiasi kwamba mwaka uliofuata, kwenye pambano la Cannae, mtu angeweza kuwadhania kuwa ni Warumi. Jambo tamu kama hilo, la jeshi linalobadilika sura kadiri linavyoshinda, lingeweza kuwa kanuni bora kuliko zote katika kifurushi kizima: shinda pambano, okota deraya, boresha kikosi. Hawakuligusa.

Kikosi Kitakatifu nacho kimewekwa kama kikosi cha kifahari unachoweza kukiajiri wakati wowote wa kampeni, ilimradi una dhahabu. Kikosi hicho kilikuwa cha raia wa Karthago wenyewe, wa koo bora. Mwanahistoria Diodorus anakitaja kuwa cha watu 2,500 waliouawa kwenye mto Krimisos huko Sicilia, na kinaonekana tena mwaka 310 KK kikipigana na Agathokles, mtawala wa Sirakusa, karibu na mji wenyewe wa Karthago. Baada ya hapo hakitajwi tena. Hannibal alivuka Alpi zaidi ya miaka 90 baadaye, bila kikosi hicho. Ningewaelewa kama wangekipa kampeni yake ndogo ya vita vya Sicilia.

Kuhusu wapanda farasi wa Numidia, majirani wa Karthago, nitasema machache, kwa sababu kosa lao linaonekana hata kwa asiyesoma historia. Watu waliosifika kwa kupanda farasi bila tandiko wala hatamu, wakimwongoza mnyama kwa fimbo na miguu, wamekalishwa juu ya matandiko ya ngozi na kupewa lijamu za kung'aa. Hata mwendo wao ni ule wa wapanda farasi wazito: wanakwenda moja kwa moja, wanagonga, wanakwama. Mnumidia alikuwa anakuja, anarusha mkuki, anakimbia, anarudi tena, mpaka adui achoke au apandwe na hasira aondoke kwenye nafasi yake.

Tembo wana masikio madogo na mgongo uliobinuka. Hao ni tembo wa India. Sarafu za fedha ambazo ukoo wa Barka, ndio ukoo wa Hannibal, ulizipiga Hispania zinaonyesha tembo mwenye masikio makubwa, na mtoto yeyote aliyewahi kupitishwa na basi katika hifadhi ya Mikumi angeiona tofauti hiyo kabla ya kumaliza kula mahindi yake. Tembo wa Afrika ya Kaskazini, ambao leo hawapo tena, walikuwa wadogo kuliko hata hao wa India, lakini katika mchezo wanabomoa lango la mji kwa pigo moja. Livy, mwanahistoria wa Kirumi, anasimulia kwamba waongozaji wa tembo wa Hasdrubal, nduguye Hannibal, walibeba patasi na nyundo, ili tembo akigeuka na kuanza kuwakanyaga wenzao, wampigilie patasi pale kichwa kinapoungana na shingo. Je, ingewagharimu nini watengenezaji kutupa kitufe cha namna hiyo? Mara mbili jana tembo wangu walipata hofu wakapita katikati ya jeshi langu, nami nikabaki nikitazama tu.

Warusha kombeo wa Baleari ni wapiga mishale walionyang'anywa pinde. Basi.

Lakini kasoro iliyo kubwa kuliko hizo za mavazi ni kwamba jeshi hili halina ugomvi ndani yake. Karthago ilipigana kwa Walibya, Wanumidia, Waiberia, Wagallia, Waliguria na Wabaleari, kila watu kwa lugha yao na silaha zao, wengi wao wakiwa wamekuja kwa mshahara. Mwaka 241 KK, baada ya kushindwa na Roma, serikali ya Karthago ilichelewesha malipo ya askari wapatao 20,000 waliorudi kutoka Sicilia, na matokeo yake yalikuwa vita vya miaka zaidi ya mitatu vilivyokaribia kuuangamiza mji. Polybius anasema kwamba katika mikutano ya waasi neno pekee walilolielewa wote lilikuwa "tupa", kwa sababu kila aliyesimama kupinga alipigwa mawe hadi kufa. Katika kampeni yangu nimekaa zamu 14 bila kumlipa askari hata mmoja, hazina ikiwa imekauka kabisa, na hakuna aliyenung'unika.

Najua kuna watakaokuja kuniambia kwamba huu ni mchezo tu na kwamba vikosi lazima vilinganishwe nguvu. Hoja hiyo ningeipokea kama Warumi nao wangefanyiwa hivyo hivyo. Warumi wana hastati, principes na triarii, yaani safu zao tatu za askari wa miguu, kila safu na silaha zake, umri wake na kazi yake. Wana askari wepesi waliovaa ngozi za mbwa mwitu juu ya kofia, kama Polybius alivyoeleza. Mtu aliyeyasoma maelezo hayo kwa makini namna hiyo alikuwa na kitabu kile kile mkononi, na sura zinazomhusu Hannibal zimo humo humo.

Ninachodai ni sasisho litakalowaondolea Walibya mikuki hiyo, litakalowavua Wanumidia matandiko na kuweka kanuni ya mishahara na maasi. Au nirudishiwe fedha zangu. Ombi la fedha nimelituma tangu Jumatatu. Nilijibiwa baada ya dakika mbili kwa ujumbe wa mashine unaonishukuru kwa kuipenda Roma.