Tupeane uzoefu: mteja anapiga simu, mtoto wa mbwa uliyemuuzia anaumwa

mwenye_banda
Wakuu wauzaji, tukutane hapa. Mteja kachukua mtoto wa mbwa Ijumaa, Jumatatu anapiga simu: mbwa hataki kula, anatapika, na sauti ya mteja imeshapanda. Unaanzia wapi? Wekeni taratibu zenu, hasa za simu ya kwanza na za pesa.

sindano
Simu ya kwanza si ya kutafuta mwenye kosa. Uliza, andika majibu pamoja na saa: alianza lini kukataa chakula, katapika mara ngapi, kinyesi kina rangi gani, kina damu au minyoo, tangu afike kala nini, kapewa dawa gani. Kisha mteja ainue mdomo wa juu wa mbwa akupigie picha ya fizi. Zikiwa za waridi, na akizibonyeza kwa kidole rangi inarudi ndani ya sekunde 2, mnao muda wa kuongea. Zikiwa nyeupe, au kavu mpaka zinanata, aende kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo. Kutapika pamoja na kuhara damu ni vivyo hivyo, hata usiku wa manane.

Joto la kawaida, likipimwa njia ya haja kubwa, ni kama 38.3 hadi 39.2. Watu wanaogopa homa tu, kumbe mtoto anayehara akishuka chini ya 37.5 hali ni mbaya.

Na mkataze dawa za binadamu. Ibuprofeni inamchimba mbwa vidonda vya tumbo na kuharibu figo.

bi_mkia
Mtoto wa mbwa wa mbegu ndogo akilegea na kutetemeka siku ya kwanza au ya pili, shuku sukari imeshuka: ugeni umemnyima hamu ya kula. Apakwe asali kwenye fizi, kidogo kidogo. Asimiminiwe kooni, itaingia mapafuni. Akizinduka ale, halafu daktari amwone vilevile.

Kinyesi laini kisicho na damu, na mtoto anacheza, mara nyingi ni chakula kimebadilishwa ghafla. Mpe mteja chakula alichozoea cha wiki nzima: robo ya chakula kipya siku 2 za mwanzo, nusu siku 2 zinazofuata, robo tatu siku 2 nyingine, siku ya 7 kipya kitupu. Hasara ya mfuko huo ni ndogo kuliko ugomvi.

mwenye_banda
Na gharama za daktari abebe nani?

kadi_mkononi
Tarehe ndizo zinaamua. Parvo, ugonjwa wa virusi wa matumbo unaoua watoto wa mbwa, kwa kawaida huchukua siku 3 hadi 7 tangu maambukizi hadi dalili, na inaweza kufika 14. Akianza kutapika siku ya 2 tangu auzwe, na kipimo kikasema parvo, kaitoa kwako, usibishane. Siku ya 20, kaipata huko. Katikati ndipo panapozua maneno, kwa hiyo mkataba useme mapema: mteja amfikishe kwa daktari ndani ya saa 72, wewe uwajibike kwa parvo hadi siku 14, kikomo cha gharama kitajwe, na akifa mzoga uchunguzwe kabla ya kuzikwa. Distempa, ugonjwa mwingine wa virusi wa mbwa, iandikiwe kifungu chake, inaweza kujificha wiki kadhaa.

Angalizo: kipimo cha haraka cha kinyesi kinaweza kuonyesha parvo hafifu siku chache tu baada ya chanjo. Daktari aone kadi ya chanjo kwanza.

Halafu acheni kumwambia mteja "amechanjwa" na kuishia hapo. Kinga aliyonyonya kwa mama inaweza kuizima chanjo, ndiyo maana inarudiwa kila wiki 2 hadi 4 mpaka afikishe wiki 16. Mwandikie tarehe inayofuata.

bi_mkia
Parvo ikithibitishwa, simamisha mauzo na wapigie walionunua ndugu zake siku hiyohiyo, kabla hawajasikia kwingine.

Kumpa mteja mtoto mwingine haraka ni kumuua wa pili. Sakafu na vyombo vioshwe kwa sabuni kwanza, maana uchafu unaila nguvu ya klorini, kisha dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, sehemu 1 kwa maji sehemu 30, ilowe dakika 10. Udongo wa uani hauoshwi, na kirusi kinaweza kukaa humo hata mwaka. Mpe aliyevuka wiki 16 na kumaliza chanjo zote. Huna wa hivyo, rudisha pesa.