Pikipiki za umeme Amu (mji wa Lamu): ziingie mjini au ziishie nje?

Msafiri_wa_Langoni
Assalaam aleikum jamaa. Pikipiki za petroli tulizipinga mjini kwa kelele na moshi. Ya umeme haina kelele, haina moshi. Basi kwa nini nikifika Mkunguni, uwanja wa mbele ya ngome, watu wanikodolee macho kana kwamba nimeingia msikitini na viatu?

Kabla hamjaniuliza: ninayo mwezi wa saba sasa. Pikipiki pamoja na betri yake inakaribia kilo 130, betri peke yake ni 25 na ushei. Muuzaji aliniapia kilomita 80 kwa chaji moja. Mimi napata 55 nikiwa peke yangu kwenye njia isiyo na mchanga, na nikipakia mtu kwenye mchanga wa Shela nashukuru nikifika 40. Kwa kisiwani yatosha, Shela yenyewe si zaidi ya kilomita 3 au 4. Taabu niliyoiona ni siku ya kuivusha kutoka Mokowe, gati ya upande wa bara, tu. Wale mahamali wa gatini wanyang'anyi, walinitoza 1,500 kwa vidato kumi vya ngazi.

Bi_Mkomani
Mwanangu, huko kutokuwa na kelele ndiko kubaya kwake. Punda akiya wasikia kwato, na mwenyewe apiga ukelele "ndia! ndia!" nawe wabana ukutani. Yana nimetoka kununua mkate, kitu kikanipita ubavuni kama jini, buibui ikapepea. Nilipogeuka kishafika mbali. Mui huu ndia zake hazipiti watu wawili wanene, sembuse hilo dude.

Kijana_wa_Bara
"Yana" ni nini?

Bi_Mkomani
Ni jana. Na ndia ni njia, mui ni mji. Kaa nasi mwaka utajua mengine.

Hamali_Mokowe
Nilikuwa nasoma tu nikipita, lakini hilo neno "wanyang'anyi" limenikwama kooni. Pikipiki hiyo naikumbuka. Ilikuja maji yamekupwa, boti iko chini kabisa, ngazi zina ukoga. Tulikuwa watu wanne. Gawa hiyo 1,500 kwa wanne utuambie nani kajenga ghorofa. Boxer hainisumbui, hata yenyewe inakaribia kilo 120 lakini najua pa kuishika. Yako uzito wote umekaa tumboni, ukiinua mbele inakuvuta, ukiinua nyuma inalala. Na mwenyewe ulisimama juu unatupiga picha.

Msafiri_wa_Langoni
Sikupiga picha. Nilikuwa nawamulikia tochi.

Hamali_Mokowe
Saa kumi jioni?

Kofia_ya_Vito
😂😂😂 Ufungwe huu mjadala, umeisha.

Fundi_Wiyoni
Tuweke hesabu sawa. Betri nyingi za namna hiyo ni volti 72 kwa ampea 40, ukizidisha ni wati-saa 2,880, hazifiki uniti tatu za wati-saa 1,000. Uniti ya tokeni ni kama shilingi 30 na kodi zake. Yaani anajaza kwa chini ya 100, na 100 ya petroli kituoni wala lita haifiki. Hapo sina ubishi naye.

Lakini mnabishana kilomita wakati adui yenu ni chumvi. Nimefungua mbili mwaka huu. Plagi zimeota kutu ya kijani, nyaya za mota zimevimba, na zote zilikuwa zikioshwa kwa maji ya kisima yenye chumvi. Futa kwa kitambaa cha maji yasiyo na chumvi, paka grisi kwenye maungio, ukifika nyumbani itie chini ya paa. Na mchanga ukikuchosha, punguza upepo kidogo kwenye matairi na usivute aksileta kama unafukuzwa. Mota ikizunguka bure mchangani inakula chaji kuliko safari yenyewe.

Jambo lingine: betri ya lithiamu msichaji chini ya makuti mkalala. Ikishika haizimwi na ndoo.

Mwana_wa_Baraza
Mnapoteza muda. Mji wa Kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na UNESCO hairuhusu pikipiki. Kwisha.

Fundi_Wiyoni
UNESCO inaorodhesha, haina askari wa barabarani. Kukataza au kuruhusu ni kazi yetu sisi na serikali zetu.

Mwana_wa_Baraza
Fundi wa pikipiki ameshakuwa wakili. Nti imekwisha.

Fundi_Wiyoni
Na wakili hajawahi kushika spana. Endelea na kahawa yako.

Kofia_ya_Vito
Mimi kinanichekesha kimoja. Nyinyi nyinyi mlivaa fulana za kupinga kituo cha umeme wa makaa ya mawe mpaka leseni yake ikafutwa kortini mwaka 2019. Leo amekuja kijana na betri, mwamkimbia kama amebeba makaa mfukoni.

Mwana_wa_Baraza
Haikuwa korti, ilikuwa tribunali ya mazingira. Juni 2019.

Kofia_ya_Vito
Haya, tribunali. Nyumba inaungua yeye asahihisha tahajia.

Kijana_wa_Bara
Lakini umeme wa Lamu si ni jenereta ya dizeli? Basi moshi ni ule ule, umehamishwa tu.

Fundi_Wiyoni
Hiyo ni habari ya zamani, kabla ya laini ya taifa kutufikia. Sasa tuko gridi moja na wewe, na umeme mwingi wa Kenya ni mvuke wa ardhini kule Olkaria, maji na upepo. Ukikatika, huo ni ugomvi mwingine.

Msafiri_wa_Langoni
Umekatika juzi nikiwa na asilimia 5, nikaisukuma kutoka Shela. Kilo 130 kwenye mchanga. Sikuwaambia kwa sababu ya aibu.

Hamali_Mokowe
Ukasukuma bure? Ungeniita, mimi mnyang'anyi ningekufanyia 500.

Mtoto_wa_Punda
Punda wangu anabeba mifuko miwili ya saruji, hachajiwi, na njia ya nyumbani anaijua bila mimi. Nasema tu.

Bi_Mkomani
Punda wako juzi amekula mchicha wangu barazani.

Mtoto_wa_Punda
Si wangu, wangu ana alama ya sikio.

Dada_wa_Gardeni
Naomba turudi kwa hamali kidogo, maana mumemcheka mukampita. Mume wangu alifanya kazi hiyo miaka mingi, mgongo wake nausugua mimi kwa mafuta ya ufuta kila usiku. Friji, jenereta, vitanda vya hoteli, sasa pikipiki. Mwenye mali akishuka botini anakung'uta kanzu na kuuliza "mbona ghali". Kwa nini hakuna mteremko wa kuteremshia mizigo pale, ni ngazi tupu? Mteremko ungekuwapo, hiyo pikipiki ingesukumwa na mwenyewe.

Kofia_ya_Vito
Na mahamali wangekula nini?

Dada_wa_Gardeni
Wangekula wakiwa na migongo. Swali gani hilo.

Hamali_Mokowe
Ahsante dada. Na kwa yeyote anayevusha, sikizeni bure, silipishi ushauri: betri inachomoka. Ichomoeni mkiwa bado botini, mwenye mali aibebe mwenyewe kwenye kapu na kitambaa juu, isiguse maji ya chumvi. Sisi tunabaki na chuma cha kilo mia. Huyu bwana alituachia betri ndani, tena na kitanda cha mizigo kimefungwa gunia la unga. Halafu anaandika unyang'anyi.

Msafiri_wa_Langoni
Gunia lilikuwa la kilo 24.

Kofia_ya_Vito
Lilikuwapo!! 😂

Mwana_wa_Baraza
Bado hakuna aliyejibu. Ziingie mjini au zisiingie?

Bi_Mkomani
Zitiwe kengele. Kama za mbuzi. Na zisipite vichochoroni, zikome ufukoni, na Ijumaa saa ya swala zisipite kabisa.

Msafiri_wa_Langoni
Kengele ya mbuzi, bibi? Mimi na miaka thelathini na nne?

Bi_Mkomani
Mbuzi nao wana umri.

Fundi_Wiyoni
Kengele ya baiskeli ninazo dukani, sitaki mtu anidai bei ya mahamali.

Hamali_Mokowe
Na wewe tena!

Msafiri_wa_Langoni
Jamani, tuache. Kesho shemeji yangu anavusha ya kwake, kama yangu. Nani anajua maji yanajaa saa ngapi?

Hamali_Mokowe
Saa nane. Mwambie achomoe betri mapema. Ni 1,500.