Naomba ushauri: kuchora mandhari ya katuni kwa rangi za maji

Habari zenu wakuu. Nipo Tanga, na kwa miezi minane sasa nafanya mazoezi ya rangi za maji. Nia yangu ni siku moja nichore mandhari ya nyuma ya filamu za katuni. Kilichonivuta ni kazi za Kazuo Oga, mchoraji wa mandhari wa Studio Ghibli, studio ya filamu za katuni ya Japani. Majani na mawingu yake hukufanya uhisi joto la siku yenyewe.

Kinachonishinda ni anga. Nalowesha karatasi, naanza na buluu nzito juu nikishuka kuelekea weupe wa upeo, lakini kabla sijafika katikati, juu kumeshakauka na mstari umebaki. Alfajiri, jua halijapanda, inakwenda vizuri zaidi. Karatasi yangu ni ya gramu 200 kwa mita ya mraba na inajikunja. Nikiibandika kwenye ubao ikiwa bado mbichi inatulia kidogo. Je, ile ya pamba ya gramu 300 ina thamani ya bei yake kwa mtu wa mazoezi?

Halafu, Oga hutumia rangi za mabango, zile nzito zinazofunika, wakati zangu zinapitisha mwanga. Nihamie huko sasa, au nizizoee hizi kwanza?

Na mibuyu yangu naijaza magome na matawi mpaka mhusika akisimamishwa mbele anapotea kabisa. Nyinyi mnaamuaje pa kuacha pakiwa patupu? Waliowahi kufanya kazi za katuni, tafadhali nisaidieni.