Wauza dawa za mifugo wa Moshi, kumgeuza njiwa mkamtazama unyayo kunawagharimu nini?

Wakuu, salaam. Miaka yote humu jukwaani nimekuwa msomaji tu, leo nimeshindwa kunyamaza. Nina hasira, na nitaandika kirefu, mnivumilie. Jambo hili limenila miezi saba, limenila zaidi ya 80,000, na limemla njiwa wangu kidole kizima.

Niseme mapema kabla hajatokea mtu wa kuniambia "si njiwa tu huyo". Sifugi njiwa wa kuuza. Ninaye mmoja, anaitwa Shungi kwa sababu ya manyoya yaliyomsimama kisogoni. Binti yangu alimwokota mwaka juzi, kinda ambaye hata manyoya hajaota, kaanguka kutoka kwenye dari la jirani. Tukamlea kwa uji wa dona kwenye bomba la sindano, usiku tunaamka kwa zamu. Mimi ni fundi cherehani, Majengo hapa, na Shungi anashinda nami ofisini. Anatembea chini ya meza ya kukatia, anapanda begani, wateja wanamjua kwa jina. Kwangu huyu ni mtu wa nyumbani.

Mwezi wa pili akaanza kuchechemea, mguu wa kushoto. Nikamtia kwenye kikapu, nikaenda duka la dawa za mifugo. Kijana wa dukani hakuinuka hata kwenye stuli. Akauliza, "Mama, ana nini?" Nikamwambia kidole kimevimba. "Hiyo ndui. Chukua huu unga, kijiko kimoja kwenye maji, siku tano. Elfu tano." Nikamuuliza, mbona humwangalii, si nimekuja naye? Akanijibu, "Mama, ndui naijua."

Alikuwa ananiuzia ule unga wa njano wa oksitetrasaiklini, ambao kila mfugaji humu ameununua. Ndui ni kirusi, huenezwa na mbu, na unga ule ni wa bakteria. Kwa hiyo hata kama angekuwa amepatia ugonjwa, dawa aliyonipa haigusi ndui. Haya nimeyajua baadaye sana. Siku ile nilitoa elfu tano yangu, nikamshukuru, nikaenda kukoroga.

Siku ya sita kidole kikawa cheusi kama mkaa. Nikarudi duka lile lile, kijana yule yule, akaniambia niongeze dozi. Hakufungua kikapu. Baada ya wiki kidole kikakauka, asubuhi moja kikadondoka juu ya kitenge cha mteja nilichokuwa nakikata. Nikakiokota, nikavaa miwani yangu ya kutungia sindano, nikakitazama pale kilipokatikia. Kulikuwa na unywele wa rasta umesokotana na uzi mwekundu wa cherehani, umezunguka kidole mara tano au sita, umekaza mpaka umezama kwenye nyama. Ofisi ya pili kutoka kwangu ni ya msusi. Nywele za rasta zinapeperuka mpaka kwangu, zinakutana na nyuzi zangu sakafuni, na Shungi anapita hapo kutwa nzima.

Wakuu, uzi! Mkasi mdogo na dakika mbili, kidole kingekuwepo leo. Sakafu ni yangu, hilo silikatai, na sasa nafagia kabla ya kufungua, mchana na jioni. Lakini mimi nimesomea kushona, na yule aliyejitangaza kwenye bango lake "ushauri wa kitaalamu" ndiye niliyemfuata anitazamie.

Ngoja niendelee, maana hayo ni mwanzo.

Mguu wa kushoto ulipopungua nguvu, Shungi akahamishia uzito wote kulia. Masika ilikuwa imeingia, sakafu ya kibanda chake ni saruji, haikauki. Na kulala analalia bomba la chuma nililoletewa na fundi aliyenitengenezea kibanda, bomba laini, unene mmoja mwanzo mpaka mwisho. Nililifurahia bomba lile kwa sababu ni rahisi kuoshwa. Kufika mwezi wa tano akawa hataki kusimama. Analalia tumbo, mguu wa kulia kaukunjia ndani ya manyoya, akishuka kula anaruka kwa bawa.

Nikaenda duka la pili. Jibu lile lile, unga ule ule, ila safari hii pakiti ya kampuni nyingine. Mwezi wa sita nikaitiwa bwana mmoja ambaye mtaani kwetu tunamwita dokta. Alikuja na bodaboda, hakushusha hata begi begani. Akavuta dawa kwenye sindano kwa kukisia, akamchoma Shungi pajani. Sikuona mzani. Njiwa hafiki nusu kilo, na sindano ile ile nilimsikia akisema anaenda nayo kwa ng'ombe wa Rau. Siku mbili mguu ulining'inia kama si wake. Nikampigia simu. Akasema, "Mama, usijisumbue. Asipopona mchinje, supu ya njiwa ni dawa kwa mgonjwa." Binti yangu alikuwa amesimama pembeni, simu iko kwenye spika. Ana miaka tisa.

Kama kuna jambo moja lililonifanya nifungue mada hii, ni sentensi ile.

Bado. Duka la tatu wakaniambia ni magamba, nimpake oili chafu ya gari. Nikapaka. Wakuu, nilipaka kwa mikono yangu. Ndege anajisafisha manyoya kwa mdomo, kwa hiyo oili yote ya mguuni ikaenda tumboni na kifuani. Alfajiri ya mwezi wa saba, mnaijua baridi ya Moshi ikishuka kutoka mlimani, nimemkuta ametapika, manyoya ya tumbo yameshikana, anatetemeka. Nilimwosha kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu mara tatu, nikamkausha nimemkumbatia karibu na jiko la mkaa mpaka kulipopambazuka vizuri. Na magamba yenyewe hakuwa nayo! Utitiri wa miguu huchimba chini ya magamba, yakainuka na kuwa kama ganda la mti, huku juu ya mguu. Miguu ya Shungi juu ilikuwa laini, myekundu safi. Shida ilikuwa chini, ambako hakuna aliyetazama, kuanzia mwezi wa pili mpaka wa saba, watu wanne wanaokula kwa kazi hiyo.

Mteja wangu mmoja ndiye aliyenielekeza kwa daktari wa mifugo, dada kijana tu, yuko Arusha. Nikapanda Coaster alfajiri, kikapu mapajani, nimekifunika kanga. Jambo la kwanza alilofanya yule dada, kabla hajaniuliza chochote, alimfunga Shungi kwenye taulo, akamlaza chali, akawasha tochi ya simu. Akaniita, "Mama, sogea uone."

Katikati ya unyayo wa kulia kulikuwa na kigaga cheusi, ukubwa wa punje ya choroko, kimekaa kama msumari uliogongomewa. Pembeni yake ngozi imevimba, imenyooka, inang'aa, ile michoro midogo ya unyayo imefutika kabisa. Akanishika kidole akakiweka hapo. Pamoto. Mguu wa pili ulikuwa wa baridi kawaida.

Jipu la unyayo. Akampa kwanza dawa ya maumivu, akaloweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi mpaka kigaga kikalainika, akakiondoa. Mimi nilikuwa nasubiri usaha utoke kama wa binadamu. Hakuna kilichomiminika. Alivuta kwa kibano kitu kigumu, cha njano, kikavu, kama kipande cha kiini cha yai lililochemshwa sana. Akanieleza kwamba usaha wa ndege ndivyo ulivyo, mwili wao hauna kimeng'enya cha kuuyeyusha kama wetu, unaganda na kukaa humo. Dawa ya kunywa haiwezi kupenya donge kama hilo. Lazima litolewe. Na nikajifunza kingine kilichonitia uchungu: oksitetrasaiklini hushikana na chokaa, na mimi siku zote namwekea Shungi maganda ya mayai yaliyotwangwa. Juu ya hapo, ndege mgonjwa anakunywa maji kidogo. Kwa hiyo unga wote ule niliokoroga, sijui hata kama aliwahi kupata dozi.

Akaniuliza anakula nini. Mahindi na mtama. Mahindi gani? Haya haya yetu meupe. Akaniambia mahindi meupe hayana kitu cha kumpa vitamini A, na ndege akiikosa, ngozi ya unyayo inakuwa dhaifu, bakteria wanapata mlango. Bomba laini linakandamiza pahala pale pale usiku na mchana, saruji yenye unyevu inalainisha ngozi, uzito umeelemea mguu mmoja kwa sababu ya kile kidole. Kila kitu kikaungana mpaka kwenye ule uzi wa mwezi wa pili. Akanisimulia pia kwamba kuna watafiti Paris walichapisha mwaka 2019 kuwa njiwa wa mjini wanakosa vidole zaidi kwenye mitaa yenye saluni nyingi. Yaani hata hiki cha rasta na miguu ya njiwa kinajulikana duniani! Nusu saa alikaa nami. Alinitoza 20,000, na nililipa kwa moyo mweupe.

Sasa hivi Shungi anafungwa mguu kila baada ya siku mbili. Unasokota pamba na kitambaa duara, kama ngata ya kubebea ndoo, kidonda kinakaa kwenye tundu la katikati kisiguse chini, kisha unafunga kati ya vidole. Kazi hiyo namshukuru Mungu mikono yangu inaiweza. Bomba nimeling'oa, nimemwekea matawi ya mpera na maganda yake, jingine nene, jingine jembamba, jingine limepinda. Chini natandika vipande vya taulo, kingo zote nimezipinda na kuzishona mara mbili pasitoke uzi hata mmoja, navibadilisha kila siku. Mchicha na karoti ya kukwangua asubuhi. Mwanzoni alikuwa anaurusha mchicha nje ya sahani, siku hizi anaula.

Hajapona. Mnisikie vizuri kwenye hilo. Kigaga kimerudi mara mbili, cha mwisho wiki iliyopita. Yule dada aliniambia wazi kwamba tumechelewa, na kwamba ikifika kwenye mfupa hali itakuwa nyingine kabisa. Kila nikimgeuza kumfungua bendeji naogopa nitakachokiona.

Sasa nyie wenye maduka, najua mmo humu, nawaona mkitangaza vifaranga. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008. Tuna Baraza la Veterinari linalosajili madaktari. Ni nani aliyewaruhusu kutaja ugonjwa wa mnyama ambaye bado yuko ndani ya kikapu? Mnauza dawa ya bakteria kama mnavyouza biskuti, huku mnajua kuku wanaokunywa unga huo mayai yake tunakula kesho yake, na mnajua dawa zinavyozoeleka mpaka zinashindwa kuua. Kama hujui miguu ya ndege, sema hujui! Niambie, "Mama, hili liko nje ya uwezo wangu, nenda kwa fulani." Ningekwenda. Nauli ya Arusha ningeitafuta mwezi wa pili kama nilivyoitafuta mwezi wa saba.

Na wewe dokta wa supu, sitakutaja, ila ukisoma utajijua. Binti yangu kwa wiki nzima alikuwa anaficha kikapu chini ya kitanda chake kila nikimwambia kuna mgeni anakuja.

Wafugaji wenzangu wa njiwa, nina maombi mawili. Kwanza, kama kuna anayemjua daktari aliyesajiliwa anayetibu ndege hapa hapa Moshi, mwenye kumshika mgonjwa kabla ya kutaja dawa, aweke mtaa tu hapa chini, maana Coaster inamchosha Shungi na kidonda kile. Pili, aliyewahi kuuguza jipu la unyayo likarudi zaidi ya mara mbili, aniambie lilimchukua muda gani na alifanya nini tofauti. Jumamosi nampeleka tena Arusha, nitapenda niende na maswali.