Prado 120 dizeli: oili ya giaboksi inafika nyuzi 121 kwenye mchanga wa Natron. Nisimame au niendelee?

Mpare_wa_Ngaramtoni

Wakuu habari za jioni. Nina Prado 120 ya 2006, injini 1KD, otomatiki ya gia 5, ile isiyo na stiki ya kupimia oili. Nimefungiwa geji ya joto la oili ya giaboksi, sensa iko kwenye bomba linalotoka giaboksi kwenda rejeta. Lami ya Arusha mpaka Makuyuni inakaa 85 hadi 92, haina shida.

Wiki iliyopita tumeenda Engare Sero kupitia Mto wa Mbu na Selela, nyuma navuta tela dogo la maji na mahema. Tulipovuka Engaruka, lile vumbi zito la majivu likaanza. Niko D, spidi 20 hadi 30, na mshale unapanda tu: 105, 112, mwisho ukagonga 121. Nikasimama. Taa ya A/T OIL TEMP haikuwaka kabisa, na joto la injini lilikuwa katikati kama siku zote.

Shemeji yangu anasema oili ikivuka 100 giaboksi ishaungua. Fundi wangu naye anataka kuruka rejeta moja kwa moja na kufunga kipozaji kikubwa cha oili mbele ya kondensa ya AC. Sasa nisimame kwenye namba ngapi? Na huyu fundi nimruhusu?

Fundi_Sampu

Mkuu, kabla ya kuogopa namba uliza kwanza inapimwa wapi. Bomba hilo linabeba oili iliyotoka sasa hivi kwenye konveta (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi), na konveta ndiyo sehemu ya moto kuliko zote mle ndani. Oili hiyohiyo ikipita rejeta na kurudi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya giaboksi) inakuwa imeshapungua joto. Kwa hiyo 121 ya kwenye bomba, tena kwa dakika chache za mchanga, siyo 121 ya sampu. Shemeji yako huenda amesoma namba za sampu akazipeleka kwenye bomba lako. Na hata kwenye sampu, 100 haiunguzi kitu.

Mimi hapa Gerezani huwa nawaambia wateja hivi: sampu ikicheza 80 hadi 95, iko nyumbani. 110 mlimani na mzigo, endesha. 120 punguza, 130 simama. Kama sensa iko kwenye bomba kama yako, 120 ni ya kupunguza mguu na kubadilisha namna unavyoendesha, na 135 ni ya kusimama hata kama umebeba bwana harusi. Mafundi tuna hesabu yetu ya kukadiria: kila nyuzi 10 za ziada, umri wa oili unakatika nusu. Kupanda kidogo na kushuka hakuui giaboksi. Kinachoua ni kukaa juu kwa saa nzima.

Hiyo taa usiitegemee. Ni taa ya msiba, Toyota wanaiwasha oili ikiwa maeneo ya 150. Ukiiona, oili hiyo ni ya kumwaga.

Sasa tuje kwenye joto lenyewe. Gari ikienda polepole na mzigo, konveta haijifungi. Upande wa injini unazunguka kasi kuliko upande wa giaboksi, na ile tofauti yote inageuka joto ndani ya oili. Ndiyo maana geji ya maji ilikuwa imetulia huku giaboksi inachemka. Wewe nadhani ulipita pale bila loo (gia nzito ya 4x4, 4L), na ukiwa na tela! Ukiweka loo, transfa (giaboksi ndogo ya 4x4) inapunguza mzunguko karibu mara 2.5, tairi linapata nguvu yake bila konveta kuteleza sana. Watu wengi wanadhani loo ni ya kujitoa ukishakwama. Weka kabla hujaingia mchangani, kisha shikilia gia ya 2 au 3 ili giaboksi isihangaike kupanda na kushuka.

Kuruka rejeta simuungi mkono fundi wako. Ile rejeta haipozi tu, asubuhi ya baridi inasaidia pia kupasha oili. Kipozaji cha pembeni kifungwe baada ya rejeta: giaboksi, rejeta, kipozaji, kisha oili irudi. Ila chungulia kwanza nyuma ya grili, baadhi ya Toyota zimekuja na kipozaji kidogo kutoka kiwandani.

Mwanamji_Muscat

Assalaam alaykum. Mimi ni wa Unguja, naishi Muscat, na msimu wa baridi tunaingia sana mchanga wa Wahiba kutokea Bidiyah. Aliyosema fundi ni kweli, lakini hakugusa matairi.

Ndugu yangu, uliingia na upepo kiasi gani? Tairi gumu linajichimbia, ikawa kila hatua gari inapanda kilima ilichokichimba yenyewe, na kazi hiyo yote inalipwa na konveta. Sisi hushusha mpaka 15 au 18 psi kabla ya kutoka lami, tukirudi lami tunajaza. Kona kali usikate, tairi litavuka rimu. Na tela je? Watu hutoa upepo wa gari, tela wakaliacha na 35, kisha wanashangaa gari nzito. Tela nalo litoe upepo.

Jengine, ukiwa kwenye mpando usiizuie gari kwa mguu wa mafuta. Kanyaga breki. Sekunde chache tu za kuning'inia pale juu na utauona mshale unavyoruka.

Na joto likipanda, usizime injini. Ukizima, pampu ya oili imesimama, joto limebaki palepale. Elekeza pua kwenye upepo, tia N, breki ya mkono, pandisha mzunguko kiasi cha 1500 na usubiri. Utauona mshale wenyewe unavyoteremka.

Kalacha_Kavu

Mzee, mimi naongezea moja tu kutoka huku Marsabit. Hiyo rejeta ni ya 2006? Niliona Cruiser ya jamaa mmoja ikivuka Chalbi, bomba la ndani ya rejeta likatoboka, maji na oili vikachanganyika. Tulipofungua, oili ilikuwa kama maziwa lala yaliyotiwa rangi ya waridi. Maji yakifika kwenye klachi za giaboksi, gundi ya zile sahani inaachia. Hapo ni kufungua giaboksi yote, kubadilisha oili pekee hakutoshi.

Mpare_wa_Ngaramtoni

Nashukuru sana wakuu. Upepo ulikuwa 32 kote, tela nalo hivyohivyo. Rejeta ni ileile iliyokuja na gari. Fundi_Sampu, nianze na kipozaji au rejeta? Na oili nitajuaje imetosha wakati haina stiki?

Fundi_Sampu

Anza na rejeta mpya, kipozaji kifuate. Ukishaongeza kipozaji, mzunguko unabeba oili zaidi, kwa hiyo lazima upime upya. Gari iwe kwenye usawa, injini inanguruma, pitisha gia zote kutoka P mpaka L na kurudi P. Subiri oili ifikie joto lililoandikwa kwenye kitabu cha gari, kisha fungua nati ya kukagulia iliyo chini ya sampu. Ikitoka kwa mfululizo, imezidi, iache ipungue. Ikibaki matone matone, funga, imetosha. Isipotoka kitu, ongeza kupitia nati ya ubavuni. Weka WS (oili ya Toyota ya giaboksi hii), usikubali mtu akuuzie ATF, yaani oili ya giaboksi otomatiki, yoyote nyekundu.

Mipira ya kipozaji iwe ya oili ya giaboksi. Ule wa petroli wa dukani unalainika kwa joto hili na kuchomoka kwenye klipu.