Tupeane uzoefu: Corona ilipokuondolea harufu, uligundua kwa kitu gani?

Mama Vitumbua
Habari za jioni wakuu. Jana nimemkuta shemeji yangu ameshika kipande cha sabuni ya kufulia anakinusa, anakigeuza, anakinusa tena. Kumuuliza, kumbe tangu aumwe mafua wiki iliyopita hasikii harufu ya chochote. Nikakumbuka yaliyonipata 2021, nikaona nilete mada. Sitaki tubishane corona ipo au haipo, hiyo tulishaibishia vya kutosha. Swali langu ni moja: siku ya kwanza ulijuaje?

Mimi nakaanga vitumbua, saa 11 alfajiri nipo barazani na jiko langu. Kitumbua hukikaangi kwa macho. Iliki ikipanda puani ndiyo unajua chini kimeshika, unageuza. Siku hiyo, Februari 2021, nageuza cha kwanza cheusi, cha pili cheusi. Nikasema mkaa umezidi, nikatoa vipande viwili. Cha tatu cheusi. Fundi cherehani jirani yangu, mteja wa kila siku, akaniambia, "Mama, leo unatuchomea mtaa?" Moshi nauona kwa macho yangu, puani hamna kitu. Nikafungua kopo la iliki nikatia pua yote ndani. Kama nanusa maji ya bomba.

Kilichonichanganya ni kwamba pua haikuziba, hewa inapita vizuri kabisa. Nikapaka Vicks, ule ubaridi nausikia hadi kwenye paji la uso, lakini harufu yake hamna. Hapo ndipo nilipokaa chini.

Baba Mapacha
Mimi ni pampasi. Wife karudi kutoka sokoni, kanikuta nimewapakata wote wawili natazama mpira, kafungua mlango tu akarudi nyuma. "Wewe umekaaje humu ndani?" Nikadhani ananitafutia ugomvi.

Kijiwe Cha Kahawa
Mada nzuri ila mnakuza mambo. Mafua yoyote yanaua pua, tangu tukiwa wadogo tunajua.

Mtu wa Wodini
Mkuu hapo juu, uko sahihi nusu. Kwenye mafua ya kawaida mara nyingi kamasi na uvimbe vinazuia harufu isifike inakotakiwa. Alichoeleza Mama Vitumbua ni kitu kingine: pua wazi, harufu imekatika ghafla kama umeme.

Juu kabisa ndani ya pua, karibu usawa wa macho, kuna kieneo kidogo cha utando ambako neva za kunusia zinaishia. Zimezungukwa na seli za kuzihudumia, tuziite wapishi wao. Virusi hivi vinaingia kwenye seli kupitia protini inayoitwa ACE2, na mwaka 2020 watafiti walionyesha kwamba wenye protini hiyo pale ni hao wapishi, si neva zenyewe. Wapishi wakiugua, neva zinakaa na njaa. Ndiyo maana wengi walirudiwa na harufu ndani ya wiki chache, seli zile hujijenga upya. Walioumia zaidi walikaa miezi, wengine zaidi ya mwaka.

Na nikiri jambo. Mwanzoni mwa 2020 karatasi zetu za maswali ziliuliza homa, kikohozi, kupumua kwa shida. Watu walikuwa wanatuambia "chakula hakina ladha" na sisi tunaitikia "pole, ni uchovu". Uingereza yenyewe iliiweka kwenye orodha ya dalili tarehe 18 Mei 2020, janga limeshakolea. Ilipokuja Omicron mwishoni mwa 2021, dalili hii ikapungua sana.

Kijiwe Cha Kahawa
Sawa daktari, nimeelewa. Lakini ladha si ipo ulimini?

Mtu wa Wodini
Si daktari mkuu, ni nesi. Ulimi unajua chumvi, sukari, uchachu, uchungu na ule utamu wa supu ya nyama. Basi. Kwamba hili ni pilau na lile ni ubwabwa, hiyo ni kazi ya pua. Ziba pua leo ukila embe uone kama utalitofautisha na papai.

Mvita Damu
Assalam alaykum jamaa. Yangu mimi ilikuja kwa kinyume. Niliugua Novemba 2020, huku Mombasa tuko kwenye kafyu. Harufu ikapotea wiki tatu, ikarudi, nikashukuru Mungu. Mwezi wa pili ikaanza kurudi VIBAYA.

Mtu asiyepitia haya hanielewi. Kitunguu kikitiwa kwenye mafuta ya moto, mimi nasikia mpira wa gari unaungua juu ya jaa. Kitunguu saumu ndio usiseme. Kuku wa kuchoma, uvundo mtupu. Na kahawa! Nimelelewa Mji wa Kale, muuza kahawa akipita jioni anagonga vikombe vyake, mimi ndiye wa kwanza kutoka nje. Sasa nikisikia vile vikombe naingia ndani nafunga dirisha.

Siku moja mama mkwe kaleta biriani, kapika yeye mwenyewe kwa ajili yangu kwa vile amesikia nimekonda. Kafunua sufuria, mimi huyo mbio chooni. Nimerudi namkuta amefunika, ameweka mikono juu ya kifuniko, hasemi. Nilieleza mpaka mate yakanikauka. Akasema, "Haya mwanangu, ikiwa ni ugonjwa ni ugonjwa," lakini hakuleta tena chakula mpaka leo. Miezi mitano niliishi kwa wali mweupe, maziwa baridi na ndizi.

Mtu wa Wodini
Pole sana Mvita. Hali hiyo inajulikana, inadhaniwa neva zinapojiunga upya huwa zinatuma habari pungufu. Vinavyotesa zaidi ndivyo ulivyovitaja: kahawa, vitunguu, vya kuchoma na kukaanga. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading waliichambua kahawa, wakakuta kuna kemikali zake chache tu zinazowachafua roho watu hawa, na ile iliyowasumbua wengi ndiyo hiyo hiyo ambayo mtu mwenye pua nzima anaisikia kama harufu nzuri ya kahawa iliyokaangwa.

Mpemba wa Muscat
Nicheke nife. Mie nipo Muscat, 2021 pua ilikufa miezi minne. Nyumba nilokuwa nafanya kazi wanafukiza udi kila Ijumaa, mie nauona moshi tu. Daktari akanipa zoezi: vichupa vinne, unanusa kimoja kimoja kama sekunde 20, asubuhi na usiku, miezi mitatu, na huku unajikumbusha harufu yenyewe ilivyokuwa. Zoezi hili lilianzia Dresden, Ujerumani, kwa profesa Thomas Hummel, matokeo yake yakatolewa 2009, kabla hata ya corona. Nauliza vichupa vya nini? Waridi, limau, mkaratusi, na KARAFUU.

Mie! Nimezaliwa Wete, nimelala juu ya majamvi ya karafuu msimu mzima, mwanzo wa mwezi shule tunaikimbia tukachume. Nimevuka bahari kuja kuandikiwa karafuu na daktari!

Nilizinusa nikiwa na hasira. Wiki ya saba kikaja kitu, si harufu, kama mwasho kwa mbali. Wiki ya tisa nikafungua kichupa nikamwona bibi yangu ameinama anachambua vikonyo. Nililia jikoni kwa watu.

Baba Mapacha
Tusisahau gesi jamani. Ile harufu ya mtungi inatiwa makusudi, gesi yenyewe hainuki. Sisi mpira ulivuja usiku kucha, jirani ndiye aliyegonga mlango. Mwenye pua iliyokufa afunge mtungi juu kabisa kila akimaliza kupika, na asijiamini kwenye maziwa ya jana.

Mama Vitumbua
Hilo la gesi nilikuwa sijaliwaza kabisa.

Mimi wakati ule tulijifukiza nyungu, mkaratusi, mchaichai, malimau, blanketi juu. Jasho lilitoka, harufu haikuja. Ilirudi yenyewe siku ya 19, nimepanda daladala, kwapa la konda likanipiga. Nilitabasamu mpaka yule kijana akaniuliza kama tunajuana.

Shemeji nampelekea limau na karafuu kesho. Mpemba, hizo karafuu ananusa nzima nzima au zimetwangwa?

Mpemba wa Muscat
Nzima, ila avunje vichwa kwanza. Na zisiwe zile za dukani zilokaa mwaka.